Mlinzi Aliyebaki Mlangoni

Siku tulipomzika mama mkwe wangu, pale Ibadakuli, alikuja mtu mmoja akitembea kwa fimbo ambaye watu wa nyumbani hawakumjua. Alisalimia wazee, akakaa mkekani na wanaume, na sahani ya wali ilipomfikia akaipokea kwa mikono miwili akasema, bila mtu kumuuliza, "Huyu bibi ndiye aliyenifaulisha kompyuta." Wanaume wakatazamana. Mama mkwe wangu hakukanyaga shule hata siku moja, kila karatasi aliyowahi kuletewa aliisaini kwa dole gumba. Shemeji yangu akamwambia yule mgeni kwa upole, "Ndugu yangu, labda umekosea msiba. Kuna mwingine kule ng'ambo ya barabara." Mimi nilikuwa napita na beseni la kunawia mikono, nikacheka. Msibani, mbele za watu, nilicheka, halafu nikajifuta uso kwa kitenge, na kitenge kikalowa. Niliitambua ile sauti kabla sijaiona sura. Alikuwa Ramadhani, ambaye mwaka mmoja mzima tulikaa naye kompyuta moja. Na alichosema kilikuwa kweli tupu.

Huo mwaka nimeubeba miaka kumi na mitatu bila kumsimulia mtu vizuri. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, mama wa watoto wawili, Debora na mdogo wake. Mume wangu alikuwa kwenye kazi za ujenzi upande wa Masumbwe, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi na kuondoka kabla nguo zake hazijakauka. Mimi nilikaa Ibadakuli na mama mkwe. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa mtu mzima, na pale mjini Shinyanga pakafunguliwa kozi ya kompyuta, ya jioni vilevile, ya mwaka mmoja. Ukifaulu kazi ya mwisho unapewa cheti, usipofaulu umekula hasara ya mwaka. Na kulikuwa na shule moja ya sekondari iliyokuwa inatafuta mtu wa kusaidia kufundisha kompyuta, mwenye cheti. Mimi tangu utoto nilitaka kusimama mbele ya ubao, nikiwa nimeshika chaki. Nilimwambia Mungu hivyo hivyo nilivyo, sikupamba: Baba, nataka kile cheti. Halafu nikamwambia mama mkwe, ambaye nilimwita mayu kama Wasukuma tunavyomwita mama, kwamba kwa mwaka mmoja jioni zangu zote hazitakuwa nyumbani. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akasema, "Nenda. Mlango nitakaa nao mimi."

Chumba cha darasa kilikuwa stoo ya pamba zamani. Walipaka rangi, wakaweka meza, wakapanga kompyuta tisa, lakini pamba haikukubali kuhama. Ilikuwa imejificha kwenye papi za juu, na feni ikizunguka inadondoka nyepesi nyepesi, inakaa kwenye nywele zetu na katikati ya vitufe vya kompyuta. Kila jioni kabla hatujaanza tulikuwa tunapuliza keyboard kama watu wanaowasha moto wa mkaa. Mpaka leo nikiona pamba nasikia harufu ya waya zilizopata joto. Mwalimu wetu alikuwa Madam Joyce, msichana wa miaka ishirini na minne kutoka Mbeya, mwembamba, mkali kama pilipili mbuzi. Huyo alikuwa na adabu ya ajabu. Tukikutana mlangoni ananiambia, "Shikamoo, Mama Debora," anainama kidogo, nami namwitikia marahaba. Tukivuka kizingiti tu, ananigombeza kama mtoto. "Mama Debora, hayo mabano umefungua hujafunga! Nyumbani kwako unalala mlango wazi?" Masomo yakiisha, mlangoni tena, "Usiku mwema, mama, wasalimie watoto." Sikuwahi kumchukia hata siku moja. Nimekuja kuwa mwalimu mwenyewe, na hicho kizingiti ninacho.

Kuna mtindo wa kuandika programu ambao Madam alituambia ndio tutakaoutumia kwenye kazi ya mwisho, mtindo wa vitu. Alituchorea ubaoni kibao cha kufyatulia tofali. Akasema klasi ni hiki kibao. Huwezi kujengea nyumba kibao, lakini ukiwa nacho unafyatua matofali hata mia, na kila tofali likishatoka lina maisha yake: hili limepasuka, lile limekanyagwa na mbuzi. Na kila kitu kinajua mambo yake, ambayo Madam aliyaita mali, na kazi zake. Ukitaka jambo kwake, unakiomba, kama unavyomwomba jirani chumvi. Unasimama mlangoni unaita, huingii jikoni kwake kufunua masufuria. Niliporudi nyumbani na maneno hayo nilikuwa naona vibao na matofali kila mahali. Kuku ni klasi, yule kuku mwekundu wa mayu aliyekuwa anataga juu ya kabati langu ni tofali lenye maisha yake.

Kazi ya mwisho ilikuwa ni gemu, wawili wawili. Gemu ya kulinda: maadui wanakuja kwa mafungu, wewe una walinzi wachache, na akili yote ni kujua nani umweke wapi. Wenzetu wote walikimbilia minara inayotema moto na mazimwi yenye pembe. Mimi nikamwambia Ramadhani kwamba mimi ni mtu wa kanisa, mazimwi siyatengenezi, na bunduki za kuua watu vilevile sitaki. Rama alikuwa Mwislamu wa Kigoma, mcheshi, aliyetoka machimboni upande wa Geita. Alikuwa nyoka, ndivyo wanavyowaita kule wale wanaoshuka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, kwa kamba, mpaka siku gogo la kushikilia udongo lilipomwangukia goti. Akaniangalia akasema, "Sasa Mama Debora, zimwi hutaki, mtu hutaki. Tutapigana na nani, na mbu?" Nikasema fisi. Boma la ng'ombe, ndama wako ndani, fisi wanakuja, walinzi wanawafukuza. Fisi akifukuzwa anakimbia tu, hafi. Rama akafikiri, akapiga meza. "Fisi sawa. Fisi hana mtetezi."

Niliwahi kusema fisi hana mtetezi mbele ya mayu, nikajuta. Aliuliza, "Fisi wa nani?" Nikamwambia wa hivi hivi tu, mayu, wa porini. Akacheka kwa pua. "Ng'wana wane, mwanangu, hakuna fisi wa hivi hivi. Kila fisi ana mwenyewe." Mtu asiye wa kwetu hawezi kujua hilo neno lina uzito gani, maana huku ukisema fisi unauliza anafugwa na mchawi gani, na jina likitajwa mtaa haulali. Mimi nimeokoka, mambo hayo nimeyakataa. Lakini nikafanya kosa la kumsimulia Rama, naye alifurahi mno, akataka kila fisi kwenye gemu awe na mali inayoitwa mwenyewe. "Tuandike, Mama Debora! Fisi akifukuzwa, gemu inamtaja mwenyewe!" Nikamwambia akiandika hivyo nahama kompyuta.

Kanisani nako habari ilifika. Jumapili moja baada ya ibada akina mama walinizunguka. Mmoja akasema, "Mama Debora, tumesikia unatengeneza gemu." Nikasema ndiyo. "Zile za kwenye baa, za kutumbukiza sarafu?" Hapana, nikasema, ni gemu ya kulinda ng'ombe. "Ng'ombe wa nani?" Wa kwenye kompyuta. Mwenyekiti wetu akanishika bega akasema, "Basi tutakuombea," na kwa jinsi alivyolivuta lile neno nikajua si maombi ya kunipongeza. Niliumia. Lakini na mimi nilikuwa naomba kwa ajili ya ile ile gemu. Saa ya magharibi Rama alikuwa anatoka nje kuswali, mimi nabaki nimeshikilia panya ya kompyuta nimefumba macho, na akirudi ananiuliza, "Umeshamaliza upande wako?" Nasema nimemaliza. "Haya, tumebisha hodi milango yote miwili, tuone."

Narudi nyumbani na baiskeli saa mbili hivi. Mayu anakuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda chake, kile cha miguu mitatu, kilichokuwa cheusi na kinang'aa kwa kukaliwa. Watoto wameshaoga, wameshakula, Debora ameshaandika hesabu zake, mdogo wake amelala na mguu mmoja nje ya neti. Akisikia mnyororo wa baiskeli, mayu anainuka, anakisukuma kile kigoda kwangu kwa mguu, anasema, "Kaa ule." Nakaa mimi. Nafunua sahani: ugali, na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, ya karanga, au dagaa wa Nkome waliokaangwa na nyanya moja ikagawanywa kwa watu wanne. Yeye anasimama, ameegemea fremu ya mlango, ananiangalia ninavyokula, mpaka nimalize. Hivyo kila siku ya masomo, mwaka mzima. Sikuwahi kumwambia, mayu, kaa. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na njaa, na kichwani nilikuwa na mabano ambayo sijui kama nimeyafunga. Mtu akikupa kitu kila siku, unafika mahali hukioni.

Sasa nieleze mwano, maana ndio uliotutia matatani. Kwa Wasukuma ng'ombe wakiibwa au mnyama akiingia bomani, anayeona anapiga mwano, yaani yowe la kuomba msaada, na sheria yake haina mjadala: anayesikia lazima naye apige, ili na wa mbali asikie, na watu wote wakimbilie kule. Usipoitika mwano unatengwa, huombwi moto wala huombi moto. Wazo la kuweka mwano kwenye gemu lilikuwa langu, na nililionea fahari. Minara ya wenzetu ilikuwa inapiga moto kila mmoja kivyake, kama watu wasiofahamiana. Walinzi wetu sisi watakuwa majirani. Mlinzi akiona fisi anapiga mwano, mwenzake wa karibu akisikia anapiga mwano, na yule wa pili yake, halafu wote wanakimbilia fisi. Nikaandika mimi mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa sababu Madam alisema majina ya kazi kompyuta haijali ni lugha gani. Tulijaribu na mlinzi mmoja. Akamwona fisi, akapiga mwano, akamfukuza. Tulishikana mikono kama watu wa harusi.

Wiki moja na siku mbili kabla ya siku ya kuonyesha kazi, tukaweka walinzi wawili. Fisi akatokea. Skrini ikaganda. Feni ya kompyuta ikaanza kulia kama ndege inayotaka kupaa, halafu yakamwagika maandishi mekundu, mstari kwa mstari, neno lile lile moja, pigaMwano, pigaMwano, pigaMwano, mpaka chini, na chini tena. Rama akasogeza kiti nyuma. "Mama Debora, kijiji chako kimepagawa." Tukazima, tukawasha. Tukawasogeza walinzi, tukampunguza fisi mbio. Vilevile. Jioni ya pili, vilevile. Jioni ya tatu nikamwita Madam. Alisoma nilichoandika, nikaona anazuia kucheka. Akasema, "Kosa nimeliona. Sisemi. Hili kosa hamkulitoa kwenye kitabu changu, mmekuja nalo kutoka nyumbani. Nendeni mkaliulize huko huko nyumbani." Nikatamani kumkumbusha ile shikamoo yake.

Ijumaa ile nilirudi nikaegesha baiskeli, na mayu aliponisukumia kigoda nikakaa nikashindwa kula. Nilikuwa napiga hesabu ya jioni zake. Kama cheti hakipatikani, basi yule mama amesimama kwenye ule mlango mwaka mzima kwa ajili ya maandishi mekundu. Mayu akafunika sahani.

Kesho yake, Jumamosi mchana, tulikuwa uani tunakata viazi vitamu vya kuanika tupate michembe. Mayu anakata vipande vyembamba sawasawa bila kuangalia kisu, mimi vyangu vingine vinene kama sabuni. Nikasema acha niulize, kama Madam alivyosema. Nikapanga vipande vya viazi kwenye ungo. Huyu Masanja, huyu Luhende, huyu Maduhu, walinzi. Gunzi la mahindi, fisi. Nikamweleza: Masanja anamwona fisi, anapiga mwano. Luhende anasikia, anapiga mwano. Halafu mashine inakufa.

Mayu akaacha kukata. "Luhende akipiga, nani anamsikia?"

"Maduhu. Na Masanja, kwa sababu wako karibu."

"Masanja akimsikia Luhende anafanya nini?"

"Anapiga mwano. Si ndiyo sheria, mayu? Anayesikia apige."

"Na Luhende akimsikia Masanja tena?"

"Anapi..."

Alicheka mpaka kisu kikamdondoka. "Gashi! Masanja na Luhende wamesimama wanapigiana kelele, fisi anakula! Ng'wana wane, hao umewaokota wapi, kilabuni?" Alipopata pumzi akachukua kipande cha Masanja akakipindua, upande wenye ganda juu. "Mwano unapigwa mara moja. Ukishapiga, kinywa kimemaliza, sasa ni zamu ya miguu. Aliyekwisha kupiga, hata asikie watu mia, hapigi tena. Anakimbia." Akampindua Luhende. Akampindua Maduhu. Vipande vyote vikawa ganda juu, na yowe likaisha lenyewe mwisho wa ungo.

Ndiyo hivyo tu. Kila mlinzi awe na mali moja zaidi, amepiga au hajapiga. Miaka mingi baadaye nilikuja kukuta jambo hilo kwenye vitabu vinene na majina makubwa, lakini mimi nimelijua kwa viazi. Niliruka nikamkumbatia na mikono ina utomvu. Na hapo alikuwa bado anaongea. Alikuwa anasema kwamba hata hivyo wanaokimbia ni wanaume, yeye hakuwahi kukimbilia mwano, alikuwa anapiga akiwa mlangoni na anabaki mlangoni na mchi wa kinu mkononi, "kwa sababu fisi ana akili, anakuja na mwenzake, mmoja wa kuwaita watu, mmoja wa kufanya kazi." Nilisema ehee, mayu, ehee. Nilikuwa natafuta kalamu niandike lile la kwanza nisilisahau. Nilimsikiliza nusu. Namshukuru Mungu kwa mengi ya mwaka ule, ila hiyo nusu huwa naiombea msamaha.

Jumatatu tukarekebisha. Mwano ukapigwa, ukapita kutoka kwa mlinzi hadi mlinzi kama moto kwenye majani makavu, ukaisha, walinzi wote kumi wakaondoka mbio, fisi akakimbia. Rama alisahau goti lake akasimama ghafla, akakaa tena akisema wallahi kwa maumivu na furaha pamoja. Madam akapita nyuma yetu akasema, "Eheee," basi.

Siku ya kuonyesha kazi ilikuwa Ijumaa. Asubuhi alikuja msahihishaji, mzee wa makamo aliyevaa kaunda suti, asiyecheka. Jioni saa kumi zingekuja familia kuona. Alipofika kwetu akaangalia walinzi wanavyoitana, akaniuliza wazo la nani, nikasema la kwetu. Akatikisa kichwa vizuri. Halafu akasema, "Weka fisi wawili. Mmoja mbele, mmoja nyuma." Rama akabonyeza. Fisi wa mbele akatokea, mwano ukapigwa, walinzi wote kumi wakakimbia mbele. Na yule wa nyuma akaingia bomani akitembea, wala hakukimbia. Akala ndama mmoja. Akala wa pili. Walinzi wangu kumi wako mbele wamemzunguka fisi mmoja, na ndama wanaisha. Yule mzee akaandika kitu kwenye karatasi. Akasema, "Mlinzi wa aina moja si ulinzi. Nitapita tena saa kumi. Ikiwa hivi, sitaweza kuwapitisha."

Nilitoka nje nikasimama penye ukuta wa ile stoo. Sikulia, niliomba, na maombi yenyewe hayakuwa na maneno. Na katikati ya ule ukimya nikaisikia sauti ya mayu, ile nusu ambayo sikuiandika: mmoja wa kuwaita watu, mmoja wa kufanya kazi. Nikarudi ndani karibu nikwae kizingiti. "Rama! Kuna mmoja hakimbii!" Akasema, "Nani?" Nikasema, "Yule wa mlangoni!" Tukafyatua kibao kipya kutoka kwenye kibao cha mlinzi, mtindo wa vitu unaruhusu hivyo, mtoto anarithi kila kitu cha mzazi na anabadilisha lile tu analotaka. Huyu mpya alirithi macho, alirithi masikio, alirithi mwano. Tulichobadilisha ni kazi moja, kimbia. Kwenye kimbia ya wengine kulikuwa na mistari kama kumi na tano ya hesabu za njia. Kwenye yake tukaandika mmoja tu: baki hapo hapo. Rama akauliza tumwite nani. Nikaandika Mayu. Wengine walikuwa duara za bluu, yeye tukampa mraba wa rangi ya machungwa, rangi ya kitenge chake cha kwendea msibani na harusini.

Saa kumi familia zikaja. Mayu alikuja na kitenge chenyewe, amemshika Debora mkono, mdogo wake mgongoni, na kikapu cha viazi vya kuchemsha kwa sababu hakuamini kwamba mahali penye mashine pana chakula. Rama akampa shikamoo mpaka karibu apige goti lake bovu. Msahihishaji akarudi. "Fisi wawili." Rama akabonyeza, na mimi nikafumba jicho moja. Mwano ukapigwa. Walinzi wakakimbia mbele. Fisi wa pili akaja nyuma, akitembea vilevile, akafika mlangoni, na ule mraba wa rangi ya machungwa ulikuwa pale. Ukapiga mwano wake. Haukusogea. Fisi akasita, akageuka, akakimbia. Yule mzee wa kaunda suti akavua miwani akaifuta, ikawa na pamba, akaifuta tena. Akasema, "Sasa hawa ndama wataona asubuhi." Akaweka sahihi.

Debora akawa anamwonyesha bibi yake, fisi ndio hawa, walinzi ndio hawa. Mayu akasogeza uso karibu kabisa na skrini, na kidole chake kikagusa ule mraba. "Na huyu mbona amesimama tu, wenzake wakikimbia?"

Nikamwambia, "Huyo ni wewe, mayu."

Aliuangalia ule mraba kwa muda. Nilidhani atalia, au atacheka. Akamgeukia Rama kwa vile ndiye alikuwa ameshika panya, akamwambia kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mwaka mzima amesimama? Basi mpeni kigoda."

Watu wote wakacheka, Madam Joyce akacheka mpaka akashika meza, hata yule mzee. Nami nilicheka. Tukala viazi. Cheti nikapata, na ile nafasi nikapata, na miaka minne baadaye tukahamia Geita, ambako mpaka leo nafundisha, na akina mama wale wale wa kanisani wamewahi kuniletea watoto wao niwafundishe. Rama akaenda Masumbwe akafungua ofisi ya kutengeneza simu. Kila mtu alikimbilia upande wake. Mayu akabaki Ibadakuli, na tulipokwenda likizo tulimkuta mlangoni, anainuka, anasukuma kigoda kwa mguu. Kaa ule. Nami nilikaa.

Jioni ya mazishi Rama alipokuwa anaaga alinipa flashi ndogo imefungwa kwenye nailoni. "Gemu yetu, niliitunza," akasema. "Ile kazi aliyotupa bibi hatukuimaliza." Jumamosi iliyofuata, mchana, nyumba ya Geita ikiwa kimya, niliifungua. Ilinichukua muda kuifanya itembee kwenye mashine za siku hizi. Walikuwepo wote, Masanja, Luhende, Maduhu, na Mayu mlangoni, miaka kumi na mitatu amesimama. Nikaandika klasi mpya, Kigoda. Ina mali moja tu, aliyekikalia. Haina kazi yoyote, haifukuzi fisi wala haipigi mwano, ila kwa Mayu niliongeza mistari miwili ya kukitumia. Kuiandika hakukuzidi robo saa. Robo saa, na ningeweza kuiandika wakati wowote akiwa hai, nikampelekea akaona.

Nikampigia Rama. "Nimempa," nikasema.

"Kigoda?"

"Amekaa."

Akauliza, "Na fisi akija?"

"Subiri." Nikabonyeza nikiwa bado nimeshika simu sikioni. Fisi akaja kwa nyuma, akitembea kama kawaida yake. Mayu akasimama. Fisi akaondoka. Mayu akakaa.